Nilivyokwenda Kabambare Kukatisha Kilio Changu

Tangu nirudi, siwezi kuvuka soko la Kasongo bila kusimamishwa. Mmoja ananishika mkono na kuuminya kama anayechagua nyanya, mwingine anaita kwa mbali, "Suma, ni wewe kweli?" Na ninyi wenzangu tuliokulia pamoja kwenye uwanja ule wa vumbi, kila mmoja amesikia kipande chake, na vipande vyenyewe havifanani. Kuna aliyeambiwa kwamba nilifufuka. Nimeona heri niandike yote mara moja, kisha nipumzishe mdomo.

Mnajua huu ni msimu wangu wa kwanza wa kulipwa kwa kucheza mpira. Miezi mingi kule Lubumbashi nilikaa kwenye benchi, nikivaa jezi safi na kuirudisha safi. Kisha beki wetu wa kati akaumia mguu, na kocha akaanza kunipanga mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuzoea makelele ya uwanja mkubwa siku niliporuka na mshambuliaji wao kugombea mpira wa kona. Vichwa viligongana. Nilivyofika chini sikumbuki. Niliamka hospitalini, nikamkuta daktari wa klabu akiniuliza jina langu. Nikampa. Akaniuliza tulikuwa tunacheza na nani. Hilo sikulikumbuka.

Baada ya siku kadhaa aliniambia picha za kichwa ni nzuri, ila nisiguse mpira kwa wiki nyingi, nisikimbie, na nisipande pikipiki kwenye njia mbaya. Kama nitaendelea kucheza au la, tutajua mbele. Akaniruhusu nije kupumzika nyumbani. Habari za tiketi na ndege naziruka, hazina utamu.

Kasongo, kwa shangazi

Shangazi Mwajuma, aliyenilea tangu nilipokuja Kasongo kusoma, alinipokea mlangoni. Alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake, akanipa maji, akangoja ninywe.

"Suma, Alhamdulilahi umefika," alisema. "Lakini kule Kabambare, kwa mama yako, iko kilio."

"Kilio cha nani?"

"Chako."

Nilidhani kichwa changu bado hakijapona. Ikabidi anieleze taratibu. Kabambare walikuwa wanasikiliza mechi ile kwenye redio ya jirani. Nilipoanguka, mtangazaji alipiga kelele, "Tumemupoteza Sumaili! Tumemupoteza mulinzi wetu!" Alimaanisha natolewa nje kwa machela. Kabla hajaeleza zaidi, betri za redio zikaisha. Wakabaki na neno hilo tu: wamempoteza.

"Si mungepiga simu?"

"Rezo ya simu hakuna. Antene ya Kabambare imekufa tangu kabla ya mechi. Tulituma habari kwa mutu wa pikipiki, aseme uko muzima, umeumia tu kidogo. Sasa wewe unajua namna watu wetu wanafanya."

Nilijua. Kwetu mtu akifa mbali, hakuna anayewaambia ndugu zake neno lenyewe. Wanaambiwa ni mgonjwa kidogo, aje tu amwone, ili asianguke njiani. Kwa hiyo habari kwamba nimeumia kidogo ilipofika Kabambare, hata wale waliokuwa bado na shaka walitandika mikeka. Shangazi alituma mtu wa pili, naye akaapa kwamba ni mzima. Huyo ndiye aliyemaliza kabisa. Mtu haapi bure, walisema.

Mama yangu alimzika baba nikiwa bado sijajua kuvaa viatu. Mtoto wa kiume ana mimi peke yangu.

"Nitaenda mwenyewe," nilisema.

"Na munganga wako wa hospitali alikukataza pikipiki."

"Alinikataza. Lakini shangazi, gari iko?"

Gari hakuna, ninyi mnajua, na kama ingekuwapo ingekwama kabla ya chai. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafuta Musafiri, motari wa mtaa wetu, anayebeba abiria kwa pikipiki, mtu mnene, mpole, mshabiki mkubwa wa timu iliyonivunja kichwa. Alimwapisha kwenye kizingiti cha nyumba: polepole, na kila daraja bovu nishuke nitembee. Kisha akanifunga taulo kichwani, akanivalisha juu yake kaske ya Musafiri, ile kofia ngumu ya pikipiki. Nilipojiona kwenye kioo cha pikipiki, nilifanana na mtu aliyebeba sufuria.

Mpaka kwa Mama Feza

Musafiri alitimiza kiapo chake kupita kiasi. Baiskeli zilitupita. Wanaume waliosukuma madumu ya mafuta ya mawese kwa mguu walitupita, wakatusalimu, wakatupita tena baada ya kupumzika. Kila jiwe alilitangaza: "Kamata, Suma, iko ndogo." "Kamata, hii iko kubwa." Kichwa kiliniuma kidogo, si sana, lakini nilikisikiliza njia nzima kama mama anayesikiliza mtoto chumba cha pili.

Matope yalianza baada ya mashamba ya mpunga. Tulizama mara ya kwanza mpaka kwenye injini. Musafiri alikataa nisukume, akasukuma peke yake, nami nikasimama pembeni na viatu vyangu vyeupe vya Lubumbashi. Mzee mmoja aliyekuwa na jembe alinitazama, akamtazama Musafiri, akauliza kama mimi ni mtoto wa gavana.

Mchana tulisimama katika kijiji kimoja ambapo mama mmoja, Mama Feza, anauza chakula chini ya paa la majani. Alikuwa na ugali wa bukari wa moto, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, na samaki wa kukaushwa. Mnajua kule Lubumbashi tunapewa tambi na kuku asiye na ladha, kila gramu inaangaliwa. Nilikula bila kusema. Mama Feza alipenda kuniona nikila, akakaa karibu.

"Munaenda Kabambare?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kuzika?"

Musafiri alikohoa. Mimi niliuliza, "Kuzika nani?"

"Hamujasikia? Mutoto wa kule, mucheza mupira. Alikuwa ameanza tu kupata maisha. Wamemuua huko uwanjani mbele ya watu." Alifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Mama yake alipita kwa jirani zangu zamani, akiuza karanga. Mwanamuke wa heshima. Mungu amupe nguvu."

Nikaona ni dhambi kumwacha aendelee.

"Mama, huyo mucheza ni mimi."

Aliniangalia: taulo, kaske mapajani, sombe mdomoni. Uso wake ukajifunga.

"Kijana, mambo ya kufa hawafanyii mchezo."

"Ninasema kweli. Mimi ndiye Sumaili."

"Na mimi ni mama ya raisi," alisema, akavuta sahani yangu kwake. "Mutu anayecheka marehemu hawezi kula kwangu."

Musafiri ndiye aliyeokoa samaki wangu. Aliapa kwa watoto wake, akaniambia nivue taulo. Mama Feza alisimama nyuma yangu, akaona mahali paliposhonwa, juu ya sikio. Kisha akaenda jikoni, akarudi na samaki wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, akamweka mbele yangu bila kuniangalia.

"Kula haraka," alisema. "Mama yako iko nalia, na wewe uko hapa unachagua mifupa."

Mtoni

Tulilala njiani, na asubuhi iliyofuata tukakuta daraja limekwenda na maji. Ulikuwa mto mdogo ambao wakati wa jua watoto wanauvuka wakiimba, lakini mvua ya milimani ilikuwa imeujaza, nao ulipita mwekundu, ukibeba matawi. Upande wetu walikuwa wamekwama wachuuzi wa chumvi na mama mmoja na mbuzi wake. Vijana wa kijiji, wale wanaovusha pikipiki mabegani kwa mti, walisema maji bado yana nguvu. Tungoje.

Tulingoja. Kungoja ukiwa huna la kufanya kunachosha, lakini kungoja wakati mama yako anaamini umekufa ni kitu kingine. Kila sauti ya maji niliisikia kama inaongezeka. Nilikwenda ukingoni mara nyingi mno, mpaka mwenye mbuzi akaniambia nikae, nitamwangusha mnyama wake kwa wasiwasi.

Vijana walikuwa na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Walipanga mawe mawili na mawili, wakaanza kucheza kwenye kiwanja kilichokuwa cha kuanikia muhogo. Musafiri, ambaye mdomo wake hauna breki, aliwaambia mimi ni nani. Basi waliacha mchezo, wakanizunguka. Habari ya kifo changu ilikuwa haijafika kwao, au ilifika wakaikataa. Walichotaka ni kuniona nikicheza.

"Ingia kidogo tu, yaya," walisema, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

"Siwezi. Niko mugonjwa."

"Kidogo tu! Piga kichwa kimoja tuone."

"Kichwa ndicho kinauma."

Kiongozi wao, kijana mwenye kifua kama mlango, alicheka. "Hakuna mucheza wa Lubumbashi hapa. Iko muongo. Mucheza wa kweli hawezi kuona mupira akae."

Maneno yale yalinichoma kuliko nilivyotegemea. Alikuwa amesema kweli: miguu ilikuwa inanicheza yenyewe. Mpira ulidunda mbele yangu, ukasimama. Nilinyanyua mguu. Nikamwona Musafiri, tope mpaka mapajani, mtu aliyesukuma pikipiki njia nzima ili kichwa hiki kifike kizima. Nikaushusha mguu.

"Nitakuwa refa," nilisema.

Walizomea, kisha wakakubali. Nilikuwa refa mkali. Nilimtoa nje kiongozi yule kwa kumvuta mwenzake kaptula, naye alitoka akilalamika hasa, na kuanzia hapo hakuna aliyenitilia shaka. Jua lilipoanza kuinama, maji yalipungua mpaka kiunoni. Walifunga pikipiki kwenye mti, wakaiweka mabegani, wakaingia nayo mtoni wakihesabu hatua kwa sauti moja. Mimi nilivuka nimeshikwa mikono yote miwili. Aliyenishika mkono wa kulia ni yule niliyemtoa nje.

"Ile haikuwa faulo," aliniambia tulipofika ng'ambo.

"Ilikuwa."

"Kidogo tu," alikubali.

Kabambare, nyumbani kwa marehemu

Tuliingia Kabambare watu wakitoka mashambani. Nilimwomba Musafiri azime pikipiki mbali na nyumbani, nikatembea. Nilifikiri ni adabu zaidi kuliko kuingia na kelele. Nilikosea.

Mikeka ilikuwa uani. Wanawake walikuwa wameketi na vichwa vimefunikwa, sufuria kubwa ya wali ilikuwa motoni. Nilisema, "Salamu alekum."

Waliitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ya watu waliochoka, bila kuangalia. Wafiwa hawaangalii kila anayeingia. Nikasimama pale kama mjinga. Mama mmoja jirani alinisogezea nafasi mkekani na kuniambia, "Karibu, baba, pole na safari. Tumepotewa." Nikakaa. Kusema kweli sikujua namna ya kuanza. Mtu anasemaje? Wakaniletea sahani ya wali na maharage. Nikavua kaske ili nile.

Aziza, mdogo wangu, ndiye aliyekuwa ameshika sahani. Hakupiga kelele. Aliiweka chini vizuri, akapiga magoti mbele yangu, akanishika sikio. Alilivuta kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya tukigombana utotoni.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma."

"Yaya iko muzima!" alilia. "Watu wa Mungu, yaya iko na sikio la moto!"

Yaliyofuata siwezi kuyapanga. Jirani aliyenipa nafasi aliruka ukuta wa miti, na mpaka leo hajaeleza aliruka vipi. Wanawake wawili walikimbilia nje, mmoja akarudi kuchukua ndala zake, akakimbia tena. Mwenye redio ile alitokea, mzee mpole, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake. Nilimwambia hana kosa, ni betri. Alilia kuliko wote.

Mimi nilikuwa natafuta uso mmoja tu kati ya nyuso zile.

"Mama iko wapi?"

Aziza aliacha kucheka. "Ameenda Salamabila. Jana. Amemufuata mujomba Yuma."

Mama alikuwa amekataa kukaa kilio. Alisema mtoto hawezi kulala udongoni mahali ambapo hakuna mtu wa kwao aliyesimama. Akafunga kitenge, akatafuta pikipiki, akaenda kwa kaka yake anayechimba dhahabu, ili amsaidie kufika Lubumbashi, kwenye kaburi langu.

Nilitaka tuondoke saa ile ile. Musafiri alikaa chini kwenye mkeka, akavua viatu, akasema taratibu kwamba yeye aliapa mbele ya shangazi, na giza halikuwamo katika kiapo. Tulilala. Wali wa kilio changu niliula asubuhi, umepashwa moto, na ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Salamabila

Njia ya kwenda machimboni ina watu wengi kuliko ile ya kwanza. Kuna wanaobeba masepeto, sabuni, kuku hai waliofungwa kwenye usukani, magodoro. Tulipita vizuizi vya kamba, tukashuka, tukasalimu, tukapanda tena. Kwenye kilima kimoja cheni ilikatika, na Musafiri akaitengeneza na kipande cha waya huku akinihubiria habari za timu yake. Nilimwacha ashinde kila ubishi. Moyo wangu ulikuwa mbele.

Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba tutafika na kuambiwa ameshaondoka, ameenda mbele zaidi. Na mbele ya Salamabila njia ni nyingi.

Mahali zinaposimama pikipiki palikuwa na moshi na vumbi jekundu, redio tatu zikipiga nyimbo tatu. Musafiri alitaka kwanza tuulize kwa mjomba. Lakini nilikuwa nimeshasikia sauti.

"Mimi ninataka kufika Lubumbashi," ilikuwa inasema.

"Mama," motari mmoja alimjibu kwa upole, "Lubumbashi si safari ya pikipiki."

"Basi nifikishe pale njia yako inaishia. Pale nitauliza mwingine."

Alikuwa amenipa mgongo. Kitenge chake kilikuwa kimejaa tope, na begani alikuwa na mfuko mdogo wa karanga za kula njiani. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nimepigiwa kelele na uwanja mzima, sikuwahi kukosa sauti namna ile. Musafiri aliniangalia, akaelewa, akapiga honi.

Mama aligeuka kwa hasira kumtazama anayepiga honi. Akaniona. Hakuruka, hakupiga yowe. Aliangalia kwanza nyuma yangu, kama anayetafuta aliyenileta. Kisha akaja polepole.

"Sumaili," alisema.

"Mama."

Alinivua kaske mwenyewe. Akafungua taulo, akalikunja, akalishika kwapani. Akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mshono mzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Wameshona vizuri," alisema.

Hapo akaniangukia kifuani. Nilimdaka, tukakaa wote wawili chini, katikati ya pikipiki, kwenye vumbi. Alilia kwenye shingo yangu na mimi nililia kwenye bega lake, na yule motari wa njia fupi akazima injini yake, akageuza uso.

Musafiri aliona ni wakati mzuri wa kujisifu. "Mama, munganga alimukataza kabisa kupanda pikipiki, lakini mimi nimemuleta pole pole."

Mama aliinua kichwa. Machozi yalikauka mara moja.

"Alikukataza?"

"Mama, nilitaka kuku..."

"Alikukataza, na wewe umepanda kutoka Kasongo mpaka hapa? Na kichwa hiki?" Akamgeukia Musafiri. "Na wewe, mutu muzima, mwenye watoto!" Alitusema sote wawili mpaka watu wakakusanyika. Nilikaa pale vumbini nikitukanwa na mama yangu, na sijawahi kusikia raha kama ile.

Mjomba Yuma alitoka shimoni jioni, mwekundu toka kichwani mpaka miguuni, akanikumbatia hivyo hivyo, akaniacha nami mwekundu. Yeye na wenzake walikuwa wameanza kujipanga nani ampeleke dada yake. Sasa walichinja mbuzi. Tulipokuwa tunakula, mama alitaka nimsimulie ilivyokuwa, yote, nisiruke kitu.

"Mpira ulipigwa kona," nilisema. "Niliruka, na yule mwingine akaruka."

"Ukaugusa?"

"Niliugusa kwanza. Ndipo akanigonga."

"Na mupira ukaenda wapi?"

"Nje."

"Haukuingia?"

"Haukuingia, mama."

Alitafuna, akafikiri. "Vizuri," alisema. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na nyama.

Kisha mjomba akawa hacheki. Alisema niache mpira. Kuna kazi hapa, alisema, ya mikono, kichwa kinapumzika. Alisema kwa upendo, na mtu aliyemwona dada yake akiingia Salamabila na mfuko wa karanga ana haki ya kusema hivyo. Nilimwangalia mama. Aliendelea kuchambua nyama kwenye mfupa.

Kurudi

Tulirudi pikipiki mbili, mama mbele na motari mwingine, sisi nyuma. Yeye ndiye aliyeamua mwendo, na Musafiri alionekana kama dereva wa mashindano ukilinganisha. Kabambare tulikuta mikeka imekunjwa na mwenye redio amenunua betri mpya. Aziza alinivuta tena sikio, kwa sababu, alisema, amezoea.

Mtoni maji yalikuwa chini. Tulikaa kwenye kivuli tukingoja Musafiri apoze injini. Hapo ndipo mama alipoongea.

"Ukiacha mupira, utafanya nini?"

"Sijui."

"Na ukiendelea, kichwa?"

"Daktari ndiye atasema."

"Basi tutaenda kwake wote wawili," alisema. "Nitamusikia kwa masikio yangu. Si kwa redio."

Mama Feza alitupikia bila kukubali malipo yoyote. Yeye na mama walikaa jikoni muda mrefu, na nilipochungulia niliwakuta wanalia na kucheka kwa zamu juu ya chungu kimoja cha sombe.

Nilikaa hapa Kasongo wiki zote za kupumzika, kama mlivyoniona, nikitembea kama mzee, nikilala mchana. Mama hakurudi shambani. Muda ulipotimia tulikwenda hospitali ya hapa hapa, kwa kuwa Lubumbashi ni mbali. Daktari alinichunguza, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akanifanya nifuate kidole chake, akazungumza kwa simu na mwenzake wa klabu. Mama alimuuliza maswali ambayo mimi sikuthubutu kuyauliza. Je, akigongwa tena? Je, dalili ni zipi? Nani kule atamuangalia? Daktari alimjibu moja moja, bila haraka. Mwisho alisema naweza kuanza tena, kidogo kidogo. Mama alimwomba arudie. Alirudia.

Wiki moja baadaye mlikuwa uwanjani, mliona wenyewe, lakini mlikuwa mnaniangalia mimi. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa amekaa kwenye jiwe nyuma ya kona, kitenge kimekazwa, mara ya kwanza katika maisha yake kuniona nikicheza. Nilipiga pasi fupi, nikakimbia, nikapumzika, nikakimbia tena. Kisha mmoja wenu, sitamtaja, alipiga mpira juu, ukaja ukishuka taratibu kwenye jua la jioni, sawasawa na kichwa changu. Ningeweza kuuacha upite.

Mama aliinuka.

Niliruka, nikaupiga kwa paji la uso, ukaenda mbali upande wa msikiti. Nilishuka kwa miguu miwili. Nikasimama pale, nikisikiliza. Kichwani hakukuwa na kitu isipokuwa kelele zenu.

Nilimgeukia. Alikuwa bado amesimama, akiniangalia. Kisha akaweka kitenge vizuri, akakaa.